Punje Tatu na Uzi wa Kofia

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, inapendeza, lakini mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu akishamaliza mambo ya kuwahi kazini ndipo hupewa saa. Nimeitundika ukumbini kwangu Michenzani, na kila ikifika saa moja na nusu za asubuhi miguu yangu inataka kushuka ngazi. Kwa kuwa miguu haina pa kwenda, nimekaa niyaandike yale mliyoniomba.

Vyeo sitavitaja, kwa sababu nilivyovipata vilichelewa, na nisivyovipata vilikwenda kwa watu mnaowajua. Mishahara ndiyo kabisa. Nitakuhadithieni habari za mikono yangu miwili, maana hiyo ndiyo iliyofanya kazi miaka yote, ndiyo iliyonitia aibu kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyonitoa.

Nilipoingia maabara mara ya kwanza nilikuwa msichana, nimevaa baibui jipya, nikidhani nitaoneshwa hadubini. Nikaoneshwa karo la kuoshea vyombo. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Seif, mtu mfupi, mkavu, asiyepandisha sauti hata akikasirika. "Osha," aliniambia, nami nikaosha vioo miezi mitatu. Nilipochoka nikamuuliza ni lini nitafundishwa kazi. Akachukua kioo kimoja nilichokwisha kukiosha, akakiinua dirishani.

"Hii alama ya kidole cha nani?"

"Changu, Mzee."

"Basi bado."

Mzee Seif alikuwa na ada moja iliyogeuka kuwa sheria ya maabara yetu bila ya kuandikwa popote. Hakuna aliyegusa kipande cha mgonjwa ila awe na udhu. "Hii nyama ya mtu," alikuwa akisema, "mwenyewe kaiweka kwetu amana. Utaishikaje na mkono uliotoka kushika samaki sokoni?" Wakristo wawili waliokuwa wakifanya kazi nasi walinawa mpaka viwikoni kama sisi, na mmoja wao alinawa vizuri kuliko sisi. Glavu wakati ule zilikuwa chache, zikawekwa kwa ajili ya damu. Nyama iliyokwisha kulazwa kwenye fomalini, dawa ya kuizuia isioze, tuliishika kwa kibano na vidole safi, na hatukupata madhara yoyote. Niliikamata ada hiyo nikaishi nayo, na nilipokuja kuwa mkubwa wa chumba nikawashika wenzangu nayo vilevile.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote ni mashine ya kukatia, tuliyoiita Bi Mkali. Nyama ikishagandishwa ndani ya nta, Bi Mkali huichana vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, nawe huviokota kwa brashi kimoja kimoja ukaviweka kwenye kioo. Mkono ukitetemeka, kazi ya siku mbili imekwenda. Bi Mkali alinionja kidole mara mbili, na zote mbili ni siku nilizokuja kazini nimenuna. Tangu hapo nikajifunza kununia nyumbani.

Miaka ikenda hivyo. Niliona mengi kupitia hadubini ile, lakini kilichonishughulisha akili kuliko vyote ni tezi ya pituitari. Ni kitu kidogo kama njegere, kimelala chini ya ubongo nyuma ya macho, na hicho ndicho kinachouamrisha mwili: kua, nyonyesha, pata hedhi, himili shida. Ikiota uvimbe unaotoa homoni, amri hutolewa bila ya kuombwa. Nilimjua msichana mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliyekuwa akitokwa na maziwa hali hajaolewa, na maneno ya majirani yalimuuma kuliko maradhi yenyewe. Uvimbe wake ulikuwa mdogo, na vidonge vilimtosha. Majirani nao wakapata mtu mwingine wa kumsema.

Uvimbe kama huo ukiutazama kwa hadubini unaona chembe zimepangana, basi. Uvimbe wa mtu atakayepona kwa dawa na wa mtu ambaye dawa hiyo haitamfaa kitu, kwangu mimi zilikuwa sura mbili za ndugu pacha. Nilimwambia Mzee Seif kabla hajastaafu kuwa kioo kinanionesha nyumba lakini hakiniambii ndani wanasema nini. Akanijibu, "Na mimi hivyohivyo. Labda nyinyi mtasikia."

Tulikuja kusikia kwa sababu ya korona. Maradhi yale yalituletea mashine ya PCR, ya kupimia virusi, na yalipopungua mashine ikabaki kwenye kona haina kazi. Mimi nikaifunika kwa kitambaa cha kufuma, chenye maua, isiingie vumbi. Akaja Nasra, karudi kutoka masomoni, binti mwembamba mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Siku yake ya kwanza hakuambiwa aoshe kitu, kwani dunia imebadilika. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akakivua kitambaa, akakikunja vizuri, akanipa.

"Shikamoo Bi Rukia. Hii si televisheni."

Nilimwitikia marahaba na nikamchukia mpaka saa sita. Saa sita alinieleza kazi ya mashine ile nikasahau kumchukia. Katika mambo ya jeni nilikuwa sijui alifu kwa kijiti, naye alinianzia hapohapo kwenye alifu. Kila chembe ya mwili, alisema, ina kitabu kizima cha maumbile, lakini haikisomi chote. Ukurasa inaousoma huutolea nakala, na nakala hizo ndizo zinazoitwa RNA. Chembe ya tezi husoma kurasa za tezi, ya ini za ini. Uvimbe unapotokea, usomaji huharibika: ukurasa mmoja husomwa kupita kiasi, mwingine huachwa. Mashine inahesabu nakala. Yaani ile sauti ya ndani ya nyumba niliyoitafuta miaka yote ilikuwa kwenye kona, nami nimeifunika maua.

Sasa nikujulisheni Maalim Makame na mkewe. Maalim alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kule Makunduchi, na mkewe Bi Mize alikuwa mshona kofia. Walikuja siku moja kwa kipimo cha kawaida cha sukari. Maalim kaketi, viganja vinene, taya limetoka mbele, sauti nzito kama inatoka mtungini. Bi Mize ndiye aliyesema, tena kwa hasira.

"Miye macho yangu mazima, Bi. Huyu anasema nishazeeka, sijui kupima tena."

"Kupima nini?"

Akafungua mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na nyuzi, kila moja imefungwa fundo kila ncha. Kila mwaka humshonea mumewe kofia ya Idi, ya viua, nakshi ya sindano, kazi ya miezi, na hupima kichwa kwa uzi. Kwa kuwa kichwa cha mtu mzima hakikui, alikuwa akishona kwa uzi wa mwaka uliopita. Idi tatu mfululizo kofia ilikataa kuingia, ikakaa juu utosini kama mfuniko wa birika. Watu wakacheka msikitini. Bi Mize akaona fedheha, akapima upya kila mara, akaziweka nyuzi zote ili ajue anakosea wapi.

Nilizichukua nyuzi nne, nikazitandaza juu ya meza, ncha za kushoto nikazilinganisha. Ncha za kulia zilipanda ngazi. Kila mwaka kidogo, lakini kila mwaka.

"Bi Mize," nilimwambia, "hukukosea hata mara moja."

Akaniangalia, kisha akamgeukia mumewe. "Umesikia?"

Niliwauliza mengine. Viatu? Kabadilisha mara mbili. Pete ya ndoa? Ilikatwa kwa msumeno. Kichwa kinauma? Kila siku. Na macho? Hapo Maalim mwenyewe akasema kwa ile sauti ya mtungini kuwa watoto wanaoketi pembeni chuoni wanatafuna maembe na yeye hawaoni, mpaka asikie harufu. Niliwachukua wote wawili, na mkebe, kwa Daktari Thuwaiba, daktari wetu wa homoni. Alizitazama nyuzi kwa muda, akaandika kipimo cha homoni ya ukuaji. Ilikuwa juu sana. Picha ya kichwa ikaonesha uvimbe wa tezi umeisukuma mishipa ya macho.

Maalim alipasuliwa bara, na alipasuliwa vizuri. Macho yakafunguka kiasi. Lakini kipande kilikuwa kimeshikana na mahali ambapo mpasuaji hakuthubutu kupafikia, kikabaki, na homoni ikabaki juu. Daktari Thuwaiba alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni sindano ya kila mwezi, ambayo huutuliza uvimbe ikiwa chembe zake zina vipokezi vya dawa ile. Zisipokuwa navyo, ni ufunguo usio na kitasa, na miezi ya kungoja imepotea wakati kilichobaki kinakua. Ya pili ni kupasua tena, na mpasuaji alikwishasema wazi kuwa safari hii macho yako hatarini.

Maalim alisikiliza yote, akasema, "Mnipasue mkitaka miguu. Lakini mimi nikikosa macho, msahafu nitausomaje?" Bi Mize alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kanga.

Kwa hiyo ilitupasa tujue kama uvimbe ule ulikuwa ukiusoma ukurasa wa kipokezi. Bara walikuwa wameweka vipande vichache kwenye maji maalumu ya kuhifadhia, kwa ridhaa ya mgonjwa, wakatuletea kwa boti ndani ya sanduku la barafu: punje tatu, hakuna iliyokuwa kubwa kuliko punje ya mchele. Nasra alizitia kwenye friza akaandika jina la Maalim kwa mwandiko wake wa kuvutia. Ilikuwa Ijumaa.

"Bi Rukia, tutazifungua Jumatatu. Mie n'na harusi Chukwani, ya binamu yangu, siwezi kukosa."

"Nenda, mwanangu, kale biriani."

Nilimwambia hivyo kwa mdomo. Moyoni nilikuwa na jambo jengine. Nilitaka akirudi akute kazi imekwisha, aone kuwa vizee vya fomalini navyo vinaweza. Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri niliingia na udhu wangu, mikono haijakauka vizuri, nikatoa punje moja, nikafuata karatasi ya Nasra ya maelekezo ya kutoa nakala, hatua kwa hatua. Karatasi ilisema vaa glavu, ubadilishe mara kwa mara. Nilisoma nikapita. Kwangu glavu ilikuwa ya kunikinga mimi na damu ya mgonjwa. Haikunipitikia kamwe kuwa iko siku itakuwa ya kumkinga mgonjwa na mikono yangu.

Jumatatu Nasra alipima ubora wa nakala nilizozitoa. Akapima tena. Akavua miwani akaifuta.

"Nakala zimekatikakatika, Bi. Hamna kitu."

"Haiwezekani. Nimefuata karatasi."

"Ulivaa glavu?"

"Nilikuwa na udhu."

Najua watu ambao wangecheka. Nasra hakucheka. Alisema polepole kuwa ngozi ya kila mtu, hata ya mtoto wa jana, ina vimeng'enya vinavyokata RNA, na mguso mmoja unatosha.

"Na maji hayaviondoi?"

"Hayaviondoi. Udhu ni wako wewe na Mola wako, Bi Rukia, na mimi pia ninao. Lakini hivi ni vya ngozi."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia mtoto wa juzi hatanifundisha mie usafi, tena nilisema mbele ya wenzetu, kwa sauti ambayo Mzee Seif hakuwahi kuitumia. Nikatoka nikaketi kwenye benchi la wagonjwa, na nilipoitazama mikono yangu nililia. Sikulia kwa ajili ya Nasra. Ile ilikuwa nyama ya mtu aliyoiweka kwetu amana, haiwezekani kuomba nyingine, na mimi nimeiharibu kwa mikono niliyoisifu maisha yangu yote.

Kwa bahati, au kwa kadari, siku ileile Maalim na mkewe walikuwa wamekuja kwa Daktari Thuwaiba. Wakapita pale nilipoketi. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyewahesabia punje. Nikasimama nikamwambia Maalim yote, mpaka habari ya udhu.

Maalim alinisikiliza, ameinamisha kichwa chake kikubwa.

"Zimebaki ngapi?"

"Mbili."

"Mwanafunzi akikosea, mie simfukuzi. Humrudisha mwanzo wa mstari." Akaelekeza kidole kinene kwenye mlango wa maabara. "Rudi mwanzo, Bi Rukia."

Bi Mize naye akaongeza, "Na uvae hizo glavu, tafadhali."

Nilirudi nikamwomba radhi Nasra mbele ya watu, maana nilimkemea mbele ya watu. Nikamwambia punje ya pili aifanye yeye. Akakataa. Akanyoosha mikono yake nione: ilikuwa ikitetemeka kama majani. "Mie najua kusoma karatasi, Bi. Mwenye mikono ni wewe. Wewe kata, mie n'takwambia lini."

Basi nikatia udhu, kwa sababu ada ya Mzee Seif siiachi, na juu ya udhu nikavaa glavu. Nilibadilisha glavu nilipogusa mlango, nilipogusa kiti, nilipopandisha miwani. Nasra alikuwa akisema "badilisha" nami nabadilisha, bila ya kununa, na hiyo pekee inafaa iandikwe. Nikaikata nikaisaga punje ya pili kwa mkono uleule uliofunzwa na Bi Mkali, mkono usiotetemeka. Tukapima ubora. Nakala zilikuwa nzima.

Tukaziingiza kwenye mashine, pamoja na sampuli za kulinganishia. Kwenye skrini kila jeni huchora mstari. Penye nakala nyingi mstari huinuka mapema, penye chache huchelewa, na pasipo na kitu hulala chini mpaka mwisho. Wa homoni ya ukuaji uliinuka mwanzo, kwa pupa, kama tulivyotegemea. Huo ndio uliokuwa ukimharibia Bi Mize kofia zake. Wa kipokezi ulikuwa bado umelala. Tulikuwa tumesimama, kila mmoja kajishikia kiti. Nilikuwa nikisoma dua zote nilizozijua.

Ukainuka. Ukainuka mapema, tena wima, ukazipita sampuli nyingi za kulinganishia.

"Umepanda!" alisema Nasra. "Bi Rukia, umepanda, wallahi umepanda!" Kisha akapiga kigelegele, mle maabara, mpaka wa benki ya damu wakaja mbio wakidhani mtu kaolewa.

Niliwahi kumzuia asimpigie simu daktari. Mzee Seif alikuwa na neno lake: kipimo kimoja uvumi, viwili habari. Tukaitoa punje ya tatu, ya mwisho, tukarudia kila kitu tokea mwanzo. Mistari ikapanda palepale. Hapo ndipo nilipomruhusu apige, na alipomaliza kuzungumza nikamnyang'anya simu nikazungumza na mimi.

Daktari Thuwaiba hakuwa mtu wa kushangilia. "Inanipa sababu," alisema, "hainipi uhakika." Alimuanzishia Maalim sindano wiki ileile, akamwekea siku za kupimwa macho. Damu yake nikawa naipima mwenyewe. Mara ya kwanza homoni ilishuka kidogo, nikajizuia nisifurahi mapema. Mara ya pili ikashuka sana. Mara ya tatu ilikuwa mahali inapotakiwa iwe kwa mtu yeyote, na picha mpya ikaonesha kilichobaki kimesinyaa na kimejitenga na mishipa ya macho. Hakupasuliwa tena. Pete mpya ikaingia kidoleni. Na watoto wa pembeni, alinihadithia kwa furaha mbaya ya kialimu, wameacha kabisa kutafuna maembe.

Mpaka leo katika karatasi ya maabara, juu ya mstari wa glavu, Nasra ameandika: "Udhu kwanza, kisha glavu, usichague kimoja." Wageni wanaokuja kututembelea huuliza maana yake. Waelezeni, na msione haya kunitaja jina.

Siku ya kuniaga mnakumbuka walikuja. Wengi wenu mlidhani ni jamaa zangu. Bi Mize alikuwa na mkebe wake wa biskuti, na baada ya hotuba, ambazo zilikuwa ndefu, alimwambia mumewe avue kofia mbele ya watu wote. Akatoa uzi wa mwaka uliopita, akauzungusha kwenye kipaji cha uso, juu ya masikio, nyuma, akaurudisha mbele polepole. Watu wote walinyoosha shingo, hata wale ambao hawakujua wanangojea nini. Mfupa uliokwisha kukua haurudi nyuma, na wala hatukutegemea urudi. Tulichokiomba ni usimame.

Fundo likakutana na fundo.

"Haya," alisema Bi Mize, "na sasa nani hajui kupima?" Akampa kofia mpya ya Idi, iliyoshonwa kwa uzi wa mwaka jana. Maalim akaivaa kwa mkono mmoja, ikashuka mpaka mahali pake ikatulia. Nasra akapiga kigelegele kwa mara ya pili katika kazi yake, na safari hii na mimi nilipiga.

Ule uzi Bi Mize alinipa. Nimeutundika kwenye msumari mmoja na saa yenu. Saa inakwenda mbele, kama saa zote. Uzi uko palepale.